Maswali ya Mtu Mwenye Daftari

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha afya. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio yako imeishiwa betri, au kwa sababu ulikuwa kwenye foleni ya chakula wakati kipindi kinaenda hewani, karibu vilevile. Tafuta pa kukaa, tuzungumze.

Wiki iliyopita nilikuwa bombani na dumu langu, nikisubiri zamu. Mama mmoja alinitambua kwa sauti. Akaniambia: "Mwanangu, wewe unayeongea redioni, hebu niambie. Hawa watu wenye daftari wanataka nini kwetu? Mtoto wangu anahara, wao wananiuliza tarehe. Nawaambia nahitaji dawa, wao wananiuliza nateka maji wapi. Jana wameenda hata kwa jirani yangu ambaye haumwi kitu, wakamuuliza maswali yaleyale. Huyo mzima wanamuulizia nini?"

Wengine waliokuwa kwenye foleni wakacheka, lakini nikaona wote wamenyamaza wasikie nitajibu nini. Nami sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilimwambia, "Mama, nipe wiki moja." Nikaenda kumtafuta mjumbe wa afya wa bloki yetu, nikakaa naye jioni mbili, nikasoma na kijitabu alichonipa. Kwa hiyo kipindi cha leo ni jibu la mama yule. Mimi si daktari, mnajua. Nimemaliza sekondari tu, tena hapahapa ukimbizini. Lakini nilichoelewa nitakieleza kama nilivyokielewa.

Maswali ya mtu mwenye daftari yana jina. Yanaitwa epidemiolojia. Neno ni refu, lakini kazi yake inaeleweka. Daktari anamwangalia mgonjwa mmoja aliyelala mbele yake, anauliza: huyu anaumwa nini, nimtibu vipi? Mtu wa epidemiolojia anaangalia kijiji kizima kwa pamoja, wagonjwa na wazima, anauliza: kwa nini hawa wameugua na wale hawakuugua? Daktari anamtibu mtu. Huyu mwingine anatafuta mlango ambao ugonjwa umeingilia, ili ufungwe. Kazi zote mbili tunazihitaji. Ukitibu bila kufunga mlango, kesho utatibu wengine, na kesho kutwa wengine tena.

Sasa tuyachukue maswali yake moja moja.

Kwanza: nani ni mgonjwa?

Unaweza kusema hilo halina haja ya kuulizwa, mgonjwa si anaonekana? Subiri. Mtu mmoja akienda chooni mara mbili anasema, "Ninahara." Mwingine anaenda mara nane anasema, "Tumbo limechafuka kidogo tu." Kama kila mtu anahesabu kwa kipimo chake, hesabu ya bloki ya kwanza haiwezi kulinganishwa na hesabu ya bloki ya pili. Ndiyo maana kabla ya kuhesabu, wanakubaliana kwanza juu ya kipimo kimoja. Wanaandika: tutamhesabu mtu mwenye dalili hizi, wa umri huu, anayekaa sehemu hii, aliyeugua kati ya tarehe hii na tarehe hii.

Nitawapa mfano wa kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2018, ndugu zetu wengi walikimbia vita vya Ituri, wakavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wakafika Uganda. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Kyangwali, ambayo wakati ule yalikuwa katika wilaya ya Hoima. Tarehe 23 Februari 2018 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba kuna mlipuko wa kipindupindu. Wachunguzi walipofika, jambo la kwanza walikubaliana nani ahesabiwe: mtu wa umri wa miaka 2 au zaidi, katika wilaya ya Hoima, aliyeanza ghafla kuhara maji maji kuanzia tarehe 1 Februari. Kwa kipimo hicho kimoja wakapita kila mahali. Hesabu yao ilifika wagonjwa 2,122. Kati yao, 44 walikufa.

Shika namba hizo mbili. Tutazirudia.

Pili: wangapi, kati ya wangapi?

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, mimi nikiwa wa kwanza. Tunasikia bloki ile ina wagonjwa 20, bloki hii ina 15, tunasema ile ndiyo yenye hatari. Lakini uliza: watu wa bloki ile ni wangapi? Tuseme, kwa mfano tu, ile ina watu 2,000 na hii ina watu 500. Kwenye bloki ya watu 2,000, wagonjwa 20 ni sawa na watu 10 katika kila 1,000. Kwenye bloki ya watu 500, wagonjwa 15 ni sawa na watu 30 katika kila 1,000. Kwa hiyo bloki yenye wagonjwa wachache kwa hesabu ndiyo inayougua mara tatu zaidi. Kama kuna timu moja tu ya kutia dawa kwenye maji, inatakiwa ianzie huko.

Ndiyo maana mtu mwenye daftari anakuuliza pia, "Nyumba hii mnalala watu wangapi?" Swali hilo si la mgao wa chakula. Anatafuta ile namba ya chini, ya kugawia. Bila hiyo, namba ya juu haisemi kitu.

Wazee wetu wa Kivu wanakumbuka Goma ya Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache tu, kwenye ardhi ya mawe ya volkano ambayo huwezi kuchimba choo wala kisima kwa urahisi. Kikaja kipindupindu, kikafuatiwa na kuhara damu. Watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wachunguzi waliofanya hesabu waliona kwamba kila siku walikuwa wanakufa watu 20 hadi 35 kati ya kila 10,000. Mashirika ya misaada yana kipimo chao: akifa zaidi ya mtu 1 kati ya 10,000 kwa siku, hiyo ni hali ya dharura. Goma ilikuwa mara 20 hadi 35 ya kipimo hicho. Kambi inapohesabu vifo vyake leo, hata kifo cha mtoto mchanga, hata kifo kilichotokea nyumbani usiku, inajilinganisha na kipimo hicho ili ipige kengele mapema. Kifo kisichoandikwa hakiwezi kupiga kengele.

(Muziki mfupi.)

Tatu: lini?

Mama yule alikasirika kwa sababu ya tarehe. Mama, kama unasikiliza, hapa ndipo jibu lako lilipo.

Mdudu wa kipindupindu akiingia tumboni, anaweza kuleta ugonjwa baada ya saa chache, au akachukua hadi siku 5. Kwa hiyo ukisema mtoto ameanza kuhara Ijumaa, yule mwenye daftari anarudi nyuma kichwani: Alhamisi, Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili. Anakuuliza, "Siku hizo mlikunywa maji ya wapi? Mlikula matangani au harusini?" Bila tarehe, hajui arudi nyuma hadi wapi.

Tena kuna jambo lingine. Chukua kijiti, chora mstari mrefu chini kwenye vumbi. Ugawe katika siku. Kisha kwa kila mgonjwa weka kokoto moja juu ya siku aliyoanza kuugua. Wagonjwa watatu siku moja, kokoto tatu zinapandana. Ukimaliza, angalia umbo la kokoto zako.

Kama kokoto zimepanda ghafla siku moja au mbili kisha zikashuka, inaonekana watu wengi waliambukizwa kwa pamoja, mahali pamoja, kwa mfano chakula cha sherehe moja. Kama zinapanda polepole, zinashuka kidogo, zinapanda tena juu zaidi, pengine ugonjwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, nyumba kwa nyumba. Na kama zimepanda na kubaki juu wiki baada ya wiki, basi kuna mlango uko wazi mahali fulani na watu wanaendelea kuupitia kila siku. Umbo la kokoto peke yake halimalizi kesi, lakini linakuambia uanze kutafuta wapi.

Nne: wapi?

Hapa nitawapeleka mbali kidogo, London, mwaka 1854. Wakati ule watu wengi hawakujua kwamba kipindupindu kinaletwa na mdudu aliyemo kwenye maji machafu. Wakubwa wengi wa dawa waliamini kinaletwa na hewa mbaya, harufu ya uchafu. Mwishoni mwa Agosti ugonjwa ukalipuka katika mtaa wa Soho. Katika siku 10 hivi walikufa watu zaidi ya 500 kwenye eneo dogo sana, ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kwa dakika chache.

Daktari mmoja, John Snow, hakukaa ofisini. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza: nani amekufa, na maji mlikuwa mnateka wapi? Aliweka alama za vifo kwenye ramani. Alama zikajazana kuzunguka pampu moja ya maji, pampu ya Broad Street.

Lakini sikilizeni sehemu ninayoipenda mimi. Hakuishia kwa waliokufa. Aliuliza pia juu ya waliopona. Karibu na pampu hiyo kulikuwa na nyumba ya maskini yenye watu zaidi ya 500, na walikufa 5 tu. Kwa nini? Walikuwa na kisima chao wenyewe. Kulikuwa pia na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Kwa nini? Walikuwa wanakunywa pombe ya kiwandani, na kiwanda kilikuwa na maji yake. Watu wote hao walivuta hewa ileile na harufu ileile. Kilichokuwa tofauti ni maji.

Tarehe 8 Septemba 1854 mkono wa pampu ile uliondolewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba wakati huo ugonjwa ulikuwa tayari umeanza kushuka, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Hakujisifu kupita ukweli. Mdudu mwenyewe alikuja kuelezwa vizuri na Robert Koch karibu miaka 30 baadaye. Maana yake ni kwamba unaweza kuufunga mlango wa ugonjwa hata kabla hujamjua mwizi kwa jina lake, mradi umejua anapitia wapi.

Tano: na wazima je?

Mama aliuliza, "Jirani yangu haumwi, wanamuulizia nini?" Mama, jirani yako mzima ni shahidi muhimu kama wewe.

Tufanye jaribio. Tuseme bloki yetu ina wagonjwa 20. Nawauliza wote walikula nini. 18 wanasema walikula fufu ya muhogo. Naruka juu: nimepata! Fufu ndiyo inayoleta kuhara! Lakini nikienda kwa watu 20 wazima wa bloki hiyohiyo, nikawauliza swali lilelile, nao 18 watasema walikula fufu. Sisi wote tunakula fufu. Kwa hiyo fufu haiwatofautishi wagonjwa na wazima, na haina kesi ya kujibu.

Sasa nauliza juu ya maji. Kati ya wagonjwa 20, 15 walikunywa maji ya kijito. Kati ya wazima 20, ni 4 tu walioyanywa. Hapo nimeshika kitu. Ungeweza kulijua hilo bila kumuuliza jirani mzima? Usingeweza. Ungebaki unawanyima watu fufu yao bure.

Namba hizo za fufu na kijito ni mfano wangu tu. Lakini kule Kyangwali mwaka 2018 walifanya hivyohivyo. Waliwachukua wagonjwa, wakachukua na wazima, wakawauliza wote maswali yaleyale. Maji yaliyowatenga zaidi wagonjwa na wazima yalikuwa ya kijito kilichopita kati ya vijiji viwili. Walipokwenda kukitazama, wakakuta watu wanajisaidia hapo kwa kukosa vyoo. Walipopima maji yake, yalikuwa na kinyesi. Maji ya tangi nayo yalionekana kuhusika. Kwa hiyo hata maji yanayotoka kwenye kitu kizuri machoni yanahitaji kutiwa dawa na kufunikwa.

Na kuna jambo moja hapo ambalo sisi wakimbizi lazima tulishike kwa mikono miwili. Hesabu ya Kyangwali ilionyesha kwamba waliougua zaidi ni waliotoka Kongo. Mtu mwingine akisoma hapo akaishia hapo, atasema, "Wakongo ndio wameleta kipindupindu." Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Ulionyesha kijito, ukaonyesha vyoo ambavyo havikuwepo. Mtu aliyefika juzi na mtumbwi, hana choo, hana dumu, bomba liko mbali, atakunywa nini? Ukimweka mtu wa taifa lolote mahali pale, angeugua vilevile. Swali la "nani" likiulizwa peke yake linazaa matusi. Likiulizwa pamoja na "wapi" na "kwa nini" linazaa vyoo na mabomba. Siku ukimsikia mtu sokoni anasema wageni wapya ndio wenye ugonjwa, muulize kwa upole: "Wanateka maji wapi?"

(Muziki mfupi.)

Kabla sijaendelea, tuongee juu ya uvumi mmoja. Msimu wa mvua uliopita ulisema kwamba dawa ya maji, klorini, ndiyo inayoleta kuhara. Watu walisema: "Angalieni, kila wanapokuja na ndoo zao za dawa, watu wanaugua." Ni kweli vitu hivyo viwili vilikuwa vinaonekana pamoja. Lakini jogoo naye anawika na jua linachomoza. Je, jogoo ndiye anayelileta jua? Uliza kipi kilitangulia. Tukichukua kokoto zetu tukaziweka juu ya siku, tunaona wagonjwa walianza kwanza, watu wa dawa wakaja baadaye. Walikuja kwa sababu ya wagonjwa. Kitu kinachokuja nyuma hakiwezi kuwa chanzo cha kilichokuja mbele. Chombo hicho kidogo, swali la kipi kilitangulia, kitakusaidia kwa uvumi mwingi, si huu tu.

Sasa ndugu zangu, kuna jambo linalonihusu mimi na nyumba yetu. Mama yangu ameniruhusu kulisema, na nimelifikiria sana kabla ya kulileta hapa.

Msimu huohuo wa mvua, mdogo wangu wa miaka 6 alianza kuhara. Maji matupu, usiku kucha. Wakati huo familia yetu ilikuwa inasubiri kuitwa kwenye vipimo vya safari. Mmeshajua kusubiri huko kulivyo, miaka inapita. Asubuhi mjumbe wa afya akaja na daftari lake. Mama akaniangalia. Kisha akamwambia mjumbe: "Hapa sote tuko salama." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi ambaye kila wiki nawaambia ninyi redioni mseme ukweli, nilinyamaza. Mjumbe akashukuru, akaandika sifuri, akaenda.

Tulimpa mdogo wangu maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, siku mbili, akapona. Tukamshukuru Mungu, tukasema yamekwisha.

Baadaye nilikuja kuiona ramani ya mjumbe. Upande wa juu wa bloki ulikuwa na alama nyingi. Mstari wetu ulikuwa mweupe kabisa, kama hakuna mtu anayekaa huko. Kwa hiyo mtu wa kutia dawa kwenye madumu alipelekwa upande wa juu, penye alama. Upande wetu tuliendelea kuteka kwenye kile kisima cha wazi, kama kawaida. Na nyumba yetu haikuwa peke yake kusema "tuko salama". Nimekuja kujua tulikuwa nyumba nne.

Siku 12 baada ya mdogo wangu kuanza kuugua, koko mmoja jirani yetu alichukuliwa usiku kwa pikipiki pamoja na mjukuu wake wa miaka miwili. Koko alirudi baada ya siku nne, amekonda lakini mzima. Mtoto hakurudi.

Je, ni sisi? Nimejiuliza usiku mwingi. Na epidemiolojia yenyewe imenifundisha nisikimbilie kusema ndiyo. Siwezi kujua. Pengine mtoto yule aliambukizwa kwingine. Lakini najua hili: ramani iliyokuwa nyeupe ilikuwa ya uongo, na sisi tulisaidia kuiandika. Kama zile nyumba nne zingekuwa na alama nne, mtu wa dawa angesimama pale kisimani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikuwa nadhani maana yake ni kilio cha nyumba ya mficha. Sasa najua kilio kinaweza kuwa cha jirani.

Mwishowe nilikwenda kwa mjumbe nikamwambia. Hakunikaripia. Alifungua daftari, akaniuliza: "Alianza tarehe ngapi?" Nikamtajia. Akaweka alama.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza, wewe unayesoma. Mtu mwenye daftari akija, una haki ya kumuuliza: habari hizi ni za nini? Nani atazisoma? Jina langu litaandikwa? Muulize bila woga, na akueleze. Ukiwa na hofu kuhusu kadi yako au faili lako, mwambie hofu hiyo waziwazi, au mpeleke mwenyekiti wa bloki akuulizie. Hofu ina njia nyingi za kutokea. Kusema uongo juu ya ugonjwa ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Na zile namba mbili nilizowaomba mzishike: wagonjwa 2,122, waliokufa 44. Hiyo ni kama watu 2 katika kila wagonjwa 100. Kipindupindu kikitibiwa vizuri na mapema, wanaokufa hawatakiwi kufika hata mtu 1 kati ya 100. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni muda. Kipindupindu kinamaliza maji ya mwili, na kinaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache. Kwa hiyo:

Mtu akianza kuhara maji maji, anza kumpa ORS hapohapo, usingoje asubuhi. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, mpe kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na wakati unampa, mpeleke kituo cha afya. Njiani endelea kumpa.

Maji ya kunywa yatie dawa au yachemshe, hata kama yanaonekana meupe. Dumu lifunikwe. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni imekwisha, ukitoka chooni na kabla ya kugusa chakula. Na kumbuka kwamba watu wengi wenye mdudu huyu hawaoni dalili yoyote, lakini kinyesi chao kinaweza kuwaambukiza wengine kwa siku kadhaa. Choo ni cha wazima pia.

Na vikundi vya wasikilizaji, kazi yenu ya wiki hii: kaeni chini ya mti wenu, mchore bloki yenu kwenye vumbi. Wekeni kila bomba, kila kisima, kila choo. Kisha kila nyumba iseme inateka wapi. Msitaje majina ya wagonjwa, hiyo si kazi yenu. Angalieni tu nyumba zipi ziko mbali na maji salama, na mpelekee mjumbe wenu wa afya mchoro huo kabla mvua hazijaanza. Mchoro wa kabla ya mlipuko una thamani kubwa kuliko wa baadaye.

Mama yangu wa foleni ya maji, natumaini nimekujibu. Natumaini pia mtoto hajambo. Yule mwenye daftari akirudi, mpe tarehe. Na jirani yako mzima naye ajibu.

Wiki ijayo tutakuwa na mkunga, tutazungumza juu ya chanjo za mtoto. Andika swali lako, litupe kwenye sanduku la kipindi pale karibu na kituo cha redio, au nishike tu bombani. Sasa nimejifunza kujibu.



(Muziki wa kufunga.)